Bei ya Taya la Chini

Yuma, Arizona
9 Oktoba 2017

Mdogo wangu Emil,

Nakusalimu kutoka huku jangwani, ambako Oktoba bado inachoma kama Julai. Mimi sijambo, ila goti hunikumbusha umri kila nikipanda zile ngazi tatu za nyumba yangu ya magurudumu. Majirani wa msimu wa baridi wameanza kuwasili, kila mmoja na mbwa wake. Binti yangu Janice kaniletea mabalungi kutoka Phoenix, kana kwamba Yuma hakuna balungi. Habari za huku zinaishia hapo.

Sasa zamu yako. Tangu marehemu mume wangu Roy aniache, miaka sita hii, umekuwa ukinipigia simu kila Jumapili baada ya misa. Kuanzia Machi umepiga mara nne tu, na mara zote nne ulinong'ona kama mtu aliyeficha mwizi chumbani. Halafu juzi napokea kadi. Wewe, ambaye hujaniandikia tangu ulipokuwa jeshini! Na kadi yenyewe ina sentensi mbili: kwamba u mzima, na kwamba umeacha kunadi ng'ombe.

Umeacha vipi? Una miaka sitini na tisa tu. Mtu aliyekuwa akiuza ng'ombe mia nne kwa siku bila kumeza mate, leo anaacha kama anayezima taa? Nani kakuudhi? Au ni moyo? Ni koo? Unijibu, na usinijazie karatasi kwa habari za mvua.

Ni mimi dada yako,
Lida

*

Prosek, Nebraska
26 Oktoba 2017

Dada Lida,

Mvua imenyesha. Najua umekataza, lakini imenyesha siku nne mfululizo na mashine za kuvunia mahindi zimezama matopeni, kwa hiyo hapa hakuna mtu mwenye mazungumzo mengine. Mimi ni mzima. Moyo mzima, koo zima. Padri anakusalimu, na Blanche wa mgahawa wa mnadani anasema bado hujamrudishia sufuria yake.

Kuhusu simu, laini yangu ina kelele. Kuhusu mnada, nimechoka, basi. Curtis, yule mkwe wa mwenye mnada, ana miaka thelathini na minne na mapafu kama ya farasi. Acha naye ale.

Kuna jambo moja nataka kukuuliza. Ni kweli kwamba watu wa huko kwenu huvuka mpaka kwenda Meksiko kutengenezwa meno? Yale ya bandia yanayoshikwa na skrubu ndani ya taya. Yanagharimu kiasi gani? Siyo mimi. Kuna jamaa mmoja hapa anataka kujua.

Wako,
Emil

*

Yuma
8 Novemba 2017

Emil,

Salamu kwako na kwa huyo jamaa. Blanche mwambie sufuria ilitoboka mwaka 2009 na nilimnunulia nyingine, aangalie vizuri kabatini.

Swali lako limenipa kazi niliyoipenda. Nimewafungulisha vinywa watu tisa hapa kwenye kambi yetu ya nyumba za magurudumu. Hebu fikiria, mzee Merle, aliyekuwa rubani, kasimama kwenye foleni ya kufua nguo ameachama kama kifaranga, nami nachungulia kwa tochi! Kisha Alhamisi nikachukua pasipoti yangu, nikaegesha gari upande wetu na kuvuka mpaka kwa miguu hadi Algodones. Dakika tano tu. Kila mlango ni daktari wa meno, na kila kona kuna kijana anayekuuliza, "Mama, leo tunang'oa au tunapanda?"

Nimeingia kliniki tatu. Mwambie jamaa yako hivi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni meno yasiyotoka kabisa, skrubu nne au sita kila taya, na hapo ni dola elfu kumi na nane na mia tano juu na chini. Ya pili ni skrubu mbili tu, taya la chini. Meno yenyewe unayabana juu yake kama vifungo vya koti, tah!, na jioni unayatoa kuyasafisha. Hiyo ni elfu tatu na mia nne. Lakini aende mara mbili, maana mfupa unahitaji miezi mitatu minne kuishika skrubu.

Daktari mmoja, mama mwenye miwani, aliniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Je, bado ana meno yake mengine? Aling'olewa lini? Anatafuna tumbaku? Mfupa wa taya huyeyuka ukikaa bila jino, alisema, kama ukingo wa mto usio na miti. Kwa hiyo jamaa asikawie.

Na mwambie ana dada anayempenda.

Lida

*

Prosek
2 Desemba 2017

Dada,

Samahani kwa kukawia. Theluji ya kwanza imeanguka. Nilikula sikukuu ya Shukrani kwa kina Blanche: bata wa kuoka, kabichi iliyochachuliwa, na madonge ya unga kama ya mama. Nilikula madonge tu.

Jamaa anashukuru. Alikuwa akitafuna tumbaku, ameacha. Meno yote yaling'olewa mwaka jana mwezi wa Mei. Ya bandia ya juu yanakaa vizuri, yananyonya kaakaa. Ya chini yanaelea. Anasema ni kama kuweka kiatu juu ya samaki na kumwambia samaki atembee.

Alikwenda Omaha kuuliza. Wakampa kahawa, wakampa kiti cha ngozi, wakampa na bei: elfu arobaini na nne. Kwa pesa hiyo, dada, unapata mitamba ishirini na saba wenye mimba, nao watakuzalia! Meno yanazaa nini?

Akauliza bima ya wazee ya serikali. Meno hayamo. Watakutibu moyo, watakutibu figo, watakutibu hata kidole cha mguu. Ukifika mdomoni, ghafla wewe si mwili tena. Yule dada wa mapokezi akamtolea fomu ya kadi ya mkopo wa matibabu: miezi kumi na minane bila riba. Jamaa akasoma maandishi madogo ya chini, maana maisha yake yote kasoma hati za mauzo. Ikibaki hata senti moja siku ya mwisho, riba inadaiwa tangu siku ya kwanza, asilimia ishirini na saba. Akarudisha kalamu yao.

Bado hajaamua. Heri ya Krismasi mapema.

Emil

*

Yuma
16 Desemba 2017

Emil ndugu yangu,

Heri ya Krismasi nawe. Janice na watoto wanakuja tarehe ishirini na tatu. Nitaoka kolache, ile mikate mitamu ya mama, ya plamu na ya mbegu za mpopi, na mjukuu wangu atakula ya plamu tu, kama ulivyokuwa wewe.

Nimepata kadi ya Blanche. Hakuandika kwa ubaya, alidhani najua. Aliandika, "Tunasikitika wote kwa yale yaliyompata Emil mwezi wa tatu, na tunasikitika zaidi kwamba hakanyagi tena mnadani." Nikampigia simu palepale, naye akaniambia kwamba meno yako yaliangukia ndani ya uwanja, mbele ya watu mia mbili.

Basi jamaa nimemjua. Mficha maradhi, Emil, kilio humuumbua. Sikucheki. Nataka nisikie kwako mwenyewe, maana Blanche alikuwa jikoni na hakuona.

Ameniambia na jingine. Kwamba akina mama wa kanisa walikuwa tayari wamepanga mnada wa hisani kwa ajili ya meno yako, wa keki na mablanketi yaliyoshonwa kwa mkono, kama ile minada uliyoiendesha bure miaka arobaini kwa kila aliyeunguliwa nyumba na kila aliyeugua saratani katika wilaya nzima. Na wewe ukaenda kwa padri ukaufuta. Kwa nini? Uliwahi kuuza keki moja ya tufaha kwa dola mia tisa ili mtoto wa kina Sedlacek apate mguu wa bandia. Mguu ni halali, meno ni haramu?

Nina dola elfu kumi na moja za bima ya Roy. Zimekaa tu benki. Sema neno.

Lida

*

Prosek
21 Januari 2018

Dada Lida,

Barua hii nimeianza mara tano. Hali yangu ni nzuri. Baridi imefika nyuzi ishirini chini ya sifuri. Basi.

Ilikuwa siku ya Stan Hruby. Unamkumbuka Stan, aliyekaa nyuma yangu darasani. Alikuwa anauza kundi lake lote, ng'ombe mia moja na thelathini na wawili, kwa sababu mgongo wake umekwisha na watoto wake wako Denver. Alikuwa amekaa safu ya mbele na kofia magotini. Siku kama hiyo mnadi hufanya kazi kwa moyo wote. Nilimjua kila mnunuzi. Nilijua nani akikuna sikio ana pesa na nani anakuna sikio tu.

Nilikuwa nimeuza themanini. Naenda mbio: "Elfu na mia nne, nani na nusu? Nusu, nusu, nipe nusu! Mia nne na nusu, yuko nyuma, nani mia tano? Tano, tano, ta…" Hapo yakatoka. Yaliruka kama chura. Yakaangukia kwenye maranda, na ng'ombe akayakanyaga.

Hakuna aliyecheka, Lida. Wangecheka ningecheka nao. Watu mia mbili walitazama viatu vyao.

Stan akaruka ukuta wa uwanja kwa mgongo wake ule mbovu, akayaokota, akayafuta kwa leso yake, akanipandishia jukwaani. "Haya, Emil," akasema, "endelea." Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa. Nikampa Curtis kipaza sauti, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaendesha hadi nyumbani.

Curtis hakuwajua wanunuzi. Ng'ombe hamsini na wawili waliobaki walikwenda kwa bei ya chini, kila mmoja dola mia na themanini pungufu ya wale wa kwanza. Hesabu hiyo nimeipiga usiku mwingi: elfu tisa na ushei. Ni mimi niliyempotezea Stan pesa hiyo.

Sasa unaelewa kwa nini nimefuta mnada wa keki? Stan angekuja. Angekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ninunuliweje meno na mtu niliyemfilisi?

Pesa za Roy ni za paa lako na goti lako. Usinitajie tena.

Emil

*

Yuma
2 Februari 2018

Emil,

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaenda kutembea hadi kwenye mifereji ya mashamba ya letusi, nikarudi nikaisoma tena. Ahsante kwa kuniambia.

Sitazitaja pesa za Roy. Nitataja mambo matatu mengine.

La kwanza. Jirani yangu wa nyumba ya nne alikuwa muuguzi wa meno. Anasema vyuo vya madaktari wa meno huweka skrubu hizo kwa bei ya chini sana, kwa sababu wanaofanya bado wanajifunza, na mwalimu amesimama begani mwao. Utakaa kwenye kiti saa tatu kwa kazi ya saa moja. Kipo chuo Lincoln, saa moja na nusu tu kutoka mlangoni kwako. Na wewe una haraka ya kwenda wapi?

La pili. Unasema umemfilisi Stan. Stan kasema hivyo? Umemuuliza, au umemuuliza moyoni na kumjibia mwenyewe? Ni mwaka sasa. Mmekutana mara ngapi?

La tatu ni zito kulitoa. Hujajiuliza nilijuaje cha kuwauliza wale madaktari wa Algodones? Meno yangu yote ni ya bandia tangu mwaka 1991. Ufizi ulioza, tukiwa na deni la trekta, na kung'oa kulikuwa rahisi kuliko kutibu. Hata Roy hakuwahi kuniona bila hayo. Miaka ishirini, Emil! Nilikuwa nalala nayo na kuamka kabla yake kuyasuuza. Alikufa hajui, au alijua akaninyamazia. Hilo sitalijua kamwe, na ndilo linaloniuma. Nimekwambia wewe peke yako. Janice hajui.

Nenda kwa Stan.

Lida

*

Prosek
17 Aprili 2018

Dada mpendwa,

Nyasi zimechipua. Ndama wa jirani wanakimbia hovyo. Nilipopata barua yako nilikaa nayo wiki mbili kabla ya kuweza kufanya chochote. Sikujua, Lida. Ulikuwa ukicheka kwa mdomo wazi kuliko sisi wote.

Nimekwenda Lincoln mara tatu. Daktari wangu anaitwa Thuy Lam, mama wa watoto wawili, wazazi wake walitoka Vietnam na wana duka la mboga hapohapo mjini. Anasomea ubingwa. Kila anachofanya ananieleza, na mimi namwuliza. "Mzee Vavra," akaniambia siku ya pili, "mimi ndiye ninayefanya mtihani hapa au wewe?" Akanionyesha eksirei ya taya langu. Mfupa umebaki kama ukuta wa zamani, lakini pale mbele, chini ya midomo, upo wa kutosha skrubu mbili. Nne haziwezekani, hata ningekuwa tajiri. Kwa hiyo wale wa Omaha na kahawa yao sijui wangezipachika wapi.

Bei ni elfu tatu na mia saba, pamoja na meno mapya ya chini, na unalipa kazi inavyokwenda: theluthi, theluthi, theluthi. Bila riba. Niliuza tela langu la ng'ombe, elfu mbili na mia tatu. Ilibaki elfu moja na mia nne.

Ndipo nikaenda kwa Stan. Nilimkuta ghalani akipaka mafuta mashine ambayo haitumii tena. Hakuinua kichwa.

"Umepotea njia?" akasema.

"Nimekuja kwa habari ya ng'ombe hamsini na wawili."

"Wamefanya nini?"

Nikamwambia ile hesabu yangu. Akaweka chini kopo la mafuta. "Emil, wewe mjinga wa ukoo gani? Wale themanini walikuwa mitamba na ng'ombe wa miaka minne. Hamsini na wawili wa mwisho walikuwa vikongwe. Niliwapanga mwenyewe. Curtis aliwauza kuliko nilivyotarajia."

Lida, mimi niliyewaona maelfu ya ng'ombe, sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimekumbuka mdomo wangu tu.

"Basi hunidai," nikasema.

"Nakudai sana." Sasa alikuwa amekasirika kweli, masikio mekundu. "Siku ile nilimaliza miaka arobaini na sita ya kazi yangu. Nilitaka mtu mmoja anayejua maana yake awepo hadi ng'ombe wa mwisho atoke. Ukatoka kwa mlango wa nyuma! Mwaka mzima hujaja hata kunywa kahawa. Nilidhani unanilaumu kwa kuyashika meno yako."

Nikaliokota lile kopo la mafuta, nikampa.

Halafu akasema bado ana zana zake zote, matrekta, jembe, mashine ya kufunga majani, vikorokoro vya babu yake. Hajaziuza kwa sababu hana mnadi. Nikamwambia skrubu zimeingia wiki iliyopita, na mfupa haujashika, na meno sitayavaa hadi Agosti. "Vyuma havizeeki," akasema, "vitangoja." Akaingia ndani akatoka na hundi ya elfu moja na mia mbili. Nikarudi nyuma. "Si sadaka," akasema. "Ni kianzio cha ujira wako. Au siku hizi unanadi bure?"

Nikaichukua.

Ganzi imekwisha, maumivu ni kidogo, nakula supu na mayai.

Emil

*

Phoenix, kwa Janice
30 Juni 2018

Emil wangu,

Huku ni joto la kukaanga yai barabarani. Goti limechomwa sindano na linatii. Nina maswali: Je, unazihisi skrubu kwa ulimi? Zina ladha ya chuma? Daktari Thuy amefaulu mtihani? Stan anasemaje akikuona na supu?

Nimemwambia Janice kuhusu meno yangu, tukiosha vyombo. Alisema, "Mama, najua tangu nikiwa shule ya sekondari." Nikauliza, na baba? Akafikiri, akasema hajui. Basi tukaendelea kuosha vyombo.

Novemba nitarudi Yuma, na nitakwenda kumwona yule daktari mwenye miwani wa Algodones, anipandie na mimi skrubu. Kwa pesa za Roy. Nadhani Roy hangekataa.

Lida

*

Prosek
24 Septemba 2018

Dada Lida,

Nafurahi kwa uamuzi wako. Skrubu sizihisi kwa ulimi, wala hazina ladha. Daktari amefaulu, na tarehe tisa Agosti alinibania meno mapya mwenyewe, tah!, kama ulivyoeleza. Nikamwambia, "Elfu na mia nne, nani na nusu?" kwa kasi yangu yote hadi mwalimu wake akaja mbio kuona nani anauza nini. Herufi ya "s" inapiga filimbi kidogo. Anasema itaisha. Mimi nasema watu wataizoea.

Mnada wa Stan ulikuwa Jumamosi. Walikuja watu kama mia tatu. Akina mama wa kanisa waliuza soseji na pai. Nilianza saa tatu asubuhi na vitu vidogo, nyundo, minyororo, ndoo za misumari. Meno hayakusogea hata unywele. Unajua jinsi kidole kinavyoendelea kwenda kugusa mahali palipokuwa na kidonda? Ulimi wangu ulifanya hivyo saa nzima, kisha ukasahau.

Kwa muda wa saa tatu nilikuwa mimi. Kisha, tulipofika kwenye matrekta, sauti ikakwaruza. Haikuwa meno, Lida, ilikuwa mwaka na nusu bila mazoezi, na umri. Nilimwona Stan ananitazama. Nikamwita Curtis, nikamnong'oneza nani anataka lipi na nani anajifanya hataki, nikampa kipaza sauti. Nikashuka. Kulikuwa na mlango wa ghala nyuma yangu, wazi. Nikaenda kukaa na Stan kwenye bodi ya nyuma ya gari lake.

Trekta kubwa lilikwenda kwa elfu kumi na tisa. Curtis aliwapata wanunuzi wote niliomtajia, na mmoja ambaye sikumtajia. Tulikula pai ya cheri. Kitu cha mwisho kilikuwa jiwe la kunolea la babu yake, dola nne.

Watu walipokuwa wakipakia, Stan akaniuliza, "Sasa kesho nifanye nini?"

Nikamwambia sijui. Tukakaa hadi lori la mwisho likaondoka, kisha nikamsaidia kufunga geti, ingawa ndani hakukuwa tena na kitu cha kufungia.

Ndugu yako,
Emil